Andromeda Aliyetoka Rukala

Selpha Mulama alikuwa na miaka ishirini na saba, na kwa mwaka mmoja na nusu alikuwa akiandika kitabu bila mtu wa kwao kujua. Alikiandikia ofisini, Malaba, saa ya chakula cha mchana, kwenye kompyuta ileile aliyoitumia kujaza fomu za malori yanayovuka kuingia Uganda. Mwajiri wake, mzee Zephaniah, alikuwa wakala wa forodha, mtu wa kula taratibu. Akitoka tu, Selpha anafungua faili aliyoiita "Barua za zamani" ili asiwepo wa kuichungulia, anaandika ukurasa mmoja au miwili, anaifunga.

Kitabu kilimhusu Andromeda. Jina hilo alilipata akiwa kidato cha kwanza huko Sigalame, ndani ya kitabu kikuukuu cha hekaya za Wayunani ambacho jalada lake lilikuwa limenyofoka. Hekaya ilisema malkia mmoja alijisifu mbele ya watu kwamba uzuri wa nyumba yake unawashinda mabinti wa bahari. Mungu wa bahari akakasirika, akaleta gharika, na ndani ya gharika akatia dubwana. Waaguzi wakasema maji hayatarudi mpaka binti wa malkia atolewe. Basi wazazi wakamfunga Andromeda kwa minyororo kwenye mwamba, wakarudi nyumbani. Baadaye akaja shujaa, akaliua dubwana, akamwoa msichana.

Wenzake bwenini walimpenda shujaa. Selpha alibaki palepale mwambani. Aliisoma sentensi ile ya wazazi kurudi nyumbani mara nne, mara tano, kwa sababu alikuwa amewahi kuona jambo linalofanana na hilo.

Alikuwa na miaka kumi mto Nzoia ulipovunja tuta la kuzuia maji karibu na kwao Rukala. Baba yao alikuwa ameshafariki. Mama aliwachukua watoto wake wanne mpaka kambi ya mahema kando ya barabara, na huko wakakaa wiki baada ya wiki, wakipiga foleni ya uji. Ndipo akaanza kuja mtu mmoja wa Matayos, jina lake Wesonga, mwenye kinu cha kusaga unga na shamba lililo juu, mahali ambapo maji hayafiki. Kabla maji hayajakauka Rukala, dada mkubwa wa Selpha, Anjeline, aliyekuwa na miaka kumi na tano, alikuwa anaishi kwa Wesonga kama mke, na Mama na watoto waliobaki walikuwa na nyumba ya vyumba viwili pembeni mwa shamba hilohilo. Jambo hilo halikuzungumzwa tena. Lilikuwa kama shimo la choo cha zamani uani: kila mtu alijua lilipo, na kila mtu alilizunguka.

Kwa hiyo katika kitabu cha Selpha bahari iligeuka mto, na mwamba ukageuka nguzo juu ya tuta. Malkia ndiye aliyeshika ncha ya mnyororo. Shujaa hakuwepo. Andromeda mwenyewe alikaa siku tatu akiichunguza kutu ya kufuli, akaifungua, akaondoka akitembea juu ya tuta bila kugeuka kumtazama mama yake. Selpha alipoandika hilo la kutogeuka alilia kidogo, akanawa uso, akarudi kujaza fomu za lori la saruji.

Angekiacha hapo, kwenye "Barua za zamani", lakini mwezi wa sita alikutana na Mwalimu Emong. Huyu alifundisha shule ya wasichana nje kidogo ya Malaba na alikuwa na chama cha wasomaji. Alikuja ofisini kuuliza habari za kontena la vitabu vya msaada, wakazungumza, na Selpha, ambaye hakuwa mtu wa kusema siri, akajikuta amesema.

"Nitumie," Mwalimu Emong akamwambia. "Wasichana wangu wamechoka na vitabu vya watu wazee."

Alimtumia Jumapili. Jumatatu mwalimu alipiga simu akiwa na furaha kama aliyepata mtoto. Alikuwa amekisoma usiku kucha. Ijumaa wasichana wangekisoma kwa sauti ukumbini, na Selpha aje wamuulize maswali. Selpha akakubali.

"Halafu," mwalimu akaongeza, "nimekiweka kwa kundi letu la walimu, kwa simu. Kaunti yote wanakisifu. Hata Matayos kuna mwalimu amekichapisha kwa darasa lake."

Sharlyne, binti wa Anjeline, alikuwa kidato cha pili Matayos.

"Mwalimu, unaweza kukiondoa?"

"Kukiondoa wapi? Watu wameshakichukua."

Jumanne jioni Anjeline alipiga. Kwa kawaida alianza na salamu ndefu, habari za ng'ombe, habari za mvua. Siku hiyo hakusalimia.

"Sharlyne amenisomea hadithi."

"Dada, ngoja nikueleze..."

"Amesoma mpaka mwisho. Kisha ameniuliza, 'Mama, huyu ni wewe?'" Selpha alisikia kuku upande ule wa simu. "Nimeambiwa Ijumaa unasomewa huko Malaba. Nitakuja. Nakuja na Mama."

"Mama pia amesomewa?"

"Ijumaa," Anjeline akasema, akakata.

Siku zile tatu Selpha hakuziishi vizuri. Alimpigia Mwalimu Emong kuomba kikao kiahirishwe, akakuta wasichana wameshachora hata mabango. Alifikiria kujifanya mgonjwa, na kwa kweli alikuwa karibu kuwa mgonjwa, maana aliacha ugali akashindia chai. Aliifungua faili akaanza kumpunguzia malkia makosa. Akampa machozi. Akayafuta machozi. Akamweka malkia safarini siku binti alipofungwa, kisha akaona huo ni uongo wa kitoto, akarudisha kila neno kama lilivyokuwa. Alimwogopa Anjeline kwa sababu alimpenda. Hofu yake kwa Mama ilikuwa ya namna nyingine, ya mtoto aliyevunja chungu na anasikia nyayo zinakaribia.

Alhamisi alikosea namba ya lori. Dereva wake, kijana mpole wa Busia aitwaye Usman, alirudishwa kutoka mlango wa ukaguzi akapoteza zamu yake kwenye foleni.

"Dada Selpha," alisema akiweka karatasi mezani, "uko na shida? Wewe hukosei."

Mzee Zephaniah alimtazama juu ya miwani. "Kesho pumzika nusu siku. Lakini Jumatatu nataka macho yako yote mawili hapa."

Ijumaa saa nane mchana alishuka kwenye boda boda langoni mwa shule. Wasichana kama arobaini walikuwa wamekaa. Mstari wa mwisho, karibu na dirisha, alimwona Mama amevaa gauni la kanisani na kilemba cheupe, mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili. Pembeni yake Anjeline. Hakuna aliyempungia mkono.

Wasichana walisoma vizuri, na hilo ndilo lililomtesa. Yule aliyesoma sauti ya malkia, msichana mrefu jina lake Shamira, alikuwa na sauti baridi, na kila alipofungua kinywa Selpha alitaka sakafu immeze. Hakuthubutu kuangalia dirishani. Walipofika mahali Andromeda anapoondoka bila kugeuka, ukumbi ulipiga makofi.

Kisha maswali. La kwanza lilikuwa jepesi, la pili pia. La tatu aliliuliza Shamira.

"Madamu, kwa nini yule malkia hakujifunga yeye mwenyewe? Makosa si yalikuwa yake?"

Wengine wakaguna kukubali. Selpha akafungua mdomo. Kabla hajasema lolote kiti kilikwaruza huko nyuma.

Anjeline alikuwa amesimama.

"Naweza kusema, Mwalimu?" Mwalimu Emong akaitikia kwa kichwa, akidhani ni mzazi. "Mimi naitwa Anjeline. Huyu ni mdogo wangu. Hii hadithi imetoka kwetu Rukala, na mahali pamoja ameikosea."

Akaushika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake.

"Huyo msichana hakufungwa. Hakuna mtu aliyeshika mnyororo. Alikuwa anaona wadogo zake wanaharisha kwa hema. Alikuwa anaona mama yake anatoa uji wake anawapa. Akaja mtu mwenye nyumba mahali pa juu. Msichana akajiambia, hapa mwenye kitu cha kutoa ni mimi peke yangu. Akaamka asubuhi, akanawa miguu, akaenda." Sauti yake ilitetemeka, akaishika. "Alikuwa na miaka kumi na tano. Sasa niko na binti wa miaka hiyo, na najua mtoto wa miaka hiyo hafai kubeba uamuzi kama huo. Mtu akija kumtaka binti yangu leo nitamfukuza na panga. Lakini mimi niliubeba. Mdogo wangu ameandika nimefungwa kama mbuzi, na hiyo imeniuma. Kitu kimoja nilichofanya kwa akili yangu, amekichukua amempa mtu mwingine."

Akaketi. Msichana mmoja mbele alikuwa akilia kimyakimya. Mwalimu Emong alishukuru wageni kwa haraka na kuwaruhusu wasichana watoke.

Walibaki watatu barazani, karibu na matangi ya maji. Selpha alisema pole. Akaisema tena, akiona jinsi ilivyo ndogo.

"Nilikuwa na miaka kumi, Dada. Niliona umeondoka tu. Nikatafuta wa kulaumu."

Mama alizungumza kwa mara ya kwanza. "Ukanipata mimi."

"Mama..."

"Mimi sikumwambia aende." Alimgeukia Anjeline, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeomba shahidi. "Sema. Nilikuambia uende?"

"Hukuniambia niende," Anjeline akasema taratibu. "Lakini hukuniambia nisiende. Nilinawa miguu mbele yako, Mama. Nilinawa polepole."

Mama alitazama upande wa barabara kuu, ambako malori yalikuwa yamesimama mstari mrefu. Mkoba ulimponyoka, Selpha akainama kuuokota. Mama alitaka kwenda nyumbani. Anjeline alimtafutia boda boda ya kumfikisha kituoni, akampandisha, akapanda nyuma yake akamshika kiunoni kama mtoto.

Kwa miezi miwili Mama hakupokea simu ya Selpha. Anjeline alipokea. Alipokea hata akiwa kinuni, akipiga kelele juu ya ngurumo ya mashine, na akaanza kumweleza mambo ambayo Selpha hakuwahi kuthubutu kuuliza: jinsi Wesonga alivyokuwa na haya, akakaa wiki nzima bila kumwita jina, jinsi yeye Anjeline alivyolia alipopata mimba ya Sharlyne, kwa hofu, jinsi alivyojifunza kusoma hesabu za kinu akiwa amembeba mtoto mgongoni. Mengine alisema, "Hilo usiandike." Selpha hakuandika.

Alikiandika upya kitabu tangu sura ya nne. Mnyororo ukaondoka. Andromeda akapanda tuta kwa miguu yake, huku malkia amekaa mlangoni na anamwona, na neno liko mdomoni na halitoki. Ilikuwa ngumu kuliko mwanzo. Zamani alijua nani mbaya. Sasa kila sentensi ilimtia wasiwasi, aliifuta, akaiandika, akampigia dada yake kuuliza kama ni haki.

Mwezi wa kumi na mbili alikwenda Matayos na kitabu kimechapwa na kubanwa. Mama alimpokea kwa mkono, akamuuliza safari, akampa chai. Hakuutaja mwezi wa sita. Baada ya chakula alimwita Sharlyne, akamwambia, "Leta hiyo karatasi ya mamako mdogo, unisomee."

Selpha hakuweza kukaa ndani. Alisimama uani karibu na kamba ya nguo akisikia sauti ya mpwa wake ikipanda na kushuka, akishika maneno machache tu. Ilichukua zaidi ya saa moja. Alihesabu nguo zilizoanikwa, akazihesabu tena. Sharlyne alipofika mahali malkia amekaa mlangoni, Mama akasema kitu, na msichana akarudia kurasa hizo tangu mwanzo.

Mwishowe Mama alitoka, akajikinga jua kwa kiganja.

"Umeandika maji yalichukua mtama," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Mwaka ule hatukupanda mtama. Ilikuwa mihogo. Tengeneza hapo."

Akachukua ndoo, akaelekea kwa ng'ombe.