Konti ya Mama Odia

Siku yangu ya kwanza kwenye gishe, dirisha la wateja la banki, tawi la Dilala, shefu wa tawi aliniweka mbele ya sanduku la kadi za saini akaniambia nizitazame mpaka saa sita. Kila mteja alikuwa ameacha humo saini ya mfano, tuilinganishe na ile anayoleta akitaka kutoa pesa. Kisha akanieleza konti, yaani akaunti, za watu wa ndoa. Ipo ya pamoja ambayo mmoja akisaini inatosha. Ipo inayotaka saini zote mbili. Halafu ipo ya mtu peke yake.

"Ile ya tatu," akasema, "hata bwana ao bibi anauliza, weye haujue kitu. Ni siri ya kazi."

Baada ya miaka sita nilihamishiwa tawi la Manika, kusimamia konti za wateja. Huko nilimfahamu Mama Odia, muuzaji wa vitenge, na mumewe Tata Mukendi, aliyeendesha mashine kule wanakosafisha mabaki ya madini. Konti yao ilikuwa ya saini mbili, nao walikuja pamoja kila mwisho wa mwezi. Lakini kila Jumanne Mama Odia alikuja peke yake, akaweka pesa kwenye konti yake mwenyewe, ambayo mumewe hakuijua.

Siku moja Tata Mukendi alileta barua ya kuifanya konti ya pamoja iwe ya saini moja. Alisema mkewe anaumwa. Saini ya mkewe ilitetemeka, sikuiamini. Nilimwambia angoje, nikaomba ruhusa kwa shefu, nikapanda taksi-moto, pikipiki ya abiria, mpaka kwao. Nilitarajia kumkuta mwanamke mwenye afya anayeibiwa. Nilimkuta kitandani, amebaki mifupa.

"Ni mi nilisaini," akasema. "Franga ya kununua dawa iko mule ku konti ya pamoja, na mi siweze tena kufika ku banki." Akanishika mkono. "Ile konti ingine usimuambiye. Nikikufa, ataoa bibi ingine na ile franga. Ni ya batoto."

Nikamsihi amwambie walau binti yake mkubwa, Mbuyi. Alikataa, aliogopa binti atamwambia baba yake.

Alikufa kabla mvua hazijakatika. Tata Mukendi alitoa pesa za kilio kwenye konti ya pamoja, nami sikumtajia ile nyingine. Tangu hapo kila nilipomwona nilitazama kama ana viatu vipya, dalili ya mke mpya. Nikauliza majirani zake nani anampikia. Walisema ni Mbuyi.

Mwaka uliofuata Mbuyi akaja gisheni. Alikuwa ameacha masomo kwa kukosa ada, akauliza kama banki inatoa mkopo kwa wanafunzi. Sikuruhusiwa kumwambia juu ya konti ya siri ya mama yake. Nikamweleza linaloruhusiwa: familia ichague mtu wa kusimamia mali ya marehemu, naye alete cheti cha kifo na aulize kwa maandishi kama mama yake aliacha konti.

Familia ilimchagua baba. Nilipomsomea jibu la banki, Tata Mukendi aliuliza konti ile ilikuwa na miaka mingapi. Nikasema kumi na mmoja. Akavua kofia, akaiweka magotini.

"Aliniogopa," akasema. "Na mi nilikuwa namupa mushahara yangu yote."

Aliagiza pesa zote zilipe shule za watoto, moja kwa moja. Nilichunguza konti ile miaka miwili zaidi, nikingoja kumkamata. Sikumkamata, na hakuoa.

Ninyi mnaoanza kazi hii mtasikia watu wakisema konti ya pamoja inaponya ndoa. Mimi nimeona saini mbili kwenye kadi moja, na woga katikati yake. Konti ya peke yako si dhambi. Ila mtu mmoja hai aijue.

Wiki niliyostaafu nilimwambia mume wangu kwamba mimi pia ninayo, tangu mwaka wa pili wa ndoa. Aliuliza, "Batoto banaijua?"

Nikasema hapana.

"Basi ubaambiye leo."

Tukawaita. Mume wangu hakuuliza kuna kiasi gani. Na mimi, kwa mazoea ya kazi, nilikaa nikingoja aulize.