Waya wa Chumba cha Nyuma

Juzi fundi alikuwa anavuta waya ofisini kwetu, na harufu ya plastiki mpya ikanirudisha utotoni, Kariakoo, kwenye duka la mama la kupiga chapa.

Mama alikuwa amenunua kompyuta ya pili, ya mtumba, akaiweka chumba cha nyuma. Mdogo wake, mama mdogo Zaituni, alitaka kuziunganisha ili zote zitumie printa ya mbele. Alipitisha waya sakafuni, kutoka chumba hadi chumba. Mimi nilielewa kwamba maneno yangepita humo kama maji kwenye bomba, kwa hiyo nilisimama mlangoni kuulinda.

"Shikamoo. Usikanyage hapo, maneno yatakwama," nilimwambia mzee aliyeleta kadi za harusi ya binti yake zichapwe.

"Marahaba. Basi nitaruka," akasema, akapandisha kanzu na kuruka kweli.

Mama mdogo alijaribu kuchapa kutoka chumba cha nyuma, printa ikagoma. Leo najua nyuzi za ndani zilikuwa zimepangwa vibaya. Siku ile niliwalaumu waliokanyaga. Alikata ncha ya waya, akazipanga upya nyuzi za rangi, akabana tena. Mama alikuwa akichungulia nje, maana wateja walishaanza kuhamia duka la jirani.

"Mwanaidi, nenda mbele ukaangalie," mama mdogo akaniambia.

Nilikimbia. Printa ikakoroma, ikatoa karatasi ya moto yenye jina langu kwa herufi kubwa. Mama aliichukua, akaisoma kwa sauti, kisha akaninyanyua na kunikalisha juu ya kaunta, mbele ya wateja wote.

"Huyu ndiye wa kwanza," akawaambia. "Sasa nani anafuata?"