Mulei na Friji ya Chanjo

Mulei alihudumia mitambo ya umeme kwenye bwawa moja la Mto Tana kwa miaka kumi na miwili. Kazi ilipokwisha mwaka wa 1982, alirudi kwao Kilungu na sanduku la spana, akaanza kukarabati baiskeli.

Shemeji yake, Syokau, alikuwa nesi wa zahanati. Asubuhi moja Mulei alimkuta amezungukwa na akina mama waliobeba watoto. Mafuta ya taa ya friji yalikuwa yameisha, na chanjo yote ya surua imeharibika.

"Nawarudisha nyumbani, shemeji," Syokau alisema. "Na surua imeshaingia bonde la pili."

Mulei aligeuza kichwa. Alikuwa akisikiliza kijito kilichoanguka mwambani nyuma ya zahanati.

Kwa miezi mitatu alichomelea vikombe vya chuma kuzunguka gurudumu. Maji yangeshuka kwa bomba, yapige vile vikombe, na gurudumu lizungushe alteneta, kile kijenereta cha kuchaji betri, ya lori bovu ili ijaze betri za kuendesha friji badala ya mafuta ya taa.

Siku ya kufungua bomba, wanawake wa mwethya, kikundi cha kulimiana mashamba, walimzuia na majembe yao. Mbele alisimama Kavata.

"Mulei, ukishatoa umeme ndani ya maji, yatabaki na nguvu gani? Maharagwe yetu yanywe makapi?"

Wanaume waliokuja kutazama wakacheka. Mulei hakucheka.

"Sichukui kitu ndani yake, mama. Natumia kule kuanguka tu. Yote yanarudi kijitoni. Njoo uone."

Akafungua. Gurudumu likalia, likashika kasi. Mulei akakinga maji chini yake, akanywa. Kavata akatia kidole, kisha mkono mzima, kisha akanawa uso.

"Ni yale yale," akawaambia wenzake.

Wiki iliyofuata Syokau alichanja watoto sitini.

Ukame wa 1984 ulipokausha kijito kikabaki uzi, gurudumu lilisimama. Mulei alidhani ndio mwisho. Lakini Kavata aliita mwethya, wakachimba kidimbwi upande wa juu wa mwamba. Maji yalijikusanya siku nzima, yakaachiliwa kwa saa tatu, na betri zikajaa. Hakuna chanjo iliyoharibika mwaka ule.

Mvua iliporudi, Kavata alifika kwa Mulei na gunia la mahindi kichwani.

"Haya," alisema akilitua. "Sasa tutengenezee mashine ya kusaga."

Mulei akacheka, akaenda kutafuta penseli.