Santuri za blues za marehemu kaka yangu zilivyopindwa na joto la Lodwar

Wakuu, habari za huko mliko. Huku jua limetuchosha, lakini tupo.

Hii si ya kutunga. Ni yangu, na bado inauma kidogo kuiandika.

Kaka yangu mkubwa, Ekai, alikuwa mwalimu Kitale. Starehe yake ilikuwa moja tu: santuri za blues na rock ya zamani. Alipofariki shemeji alinipigia simu. "Njoo uchukue vitu vyake vya kelele. Mimi siwezi kuviangalia."

Nikazibeba hadi Lodwar, karibu arobaini, pamoja na turntable yake, ile mashine ya kuzichezea.

Kwa wasiojua, santuri ni plastiki. Joto likizidi inapinda, sindano inaanza kuruka. Mimi nilijua, kwa hiyo nikazilinda kama mayai. Kwa miaka miwili nilizicheza labda mara nne. Naogopa vumbi, naogopa sindano, naogopa hata wageni.

Sasa kazi yangu ni kutengeneza pampu za visima. Nikaitwa kazini kijiji cha Namoruputh kwa siku mbili, zikawa tisa. Nyumba nimefunga madirisha yote kwa sababu ya vumbi. Juu ni mabati matupu, hakuna siling.

(Najua. Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha.)

Niliporudi nikavuta ya kwanza. Ukingo umejikunja kama chapati ya juzi. Ya pili hivyo hivyo. Nikaitafuta ile aliyoipenda kaka kuliko zote, mzee mmoja na gitaa lake tu, jalada limeandikwa jina la Ekai kwa kalamu nyekundu. Nayo imekwenda.

Nilikaa sakafuni tu, na buti zangu za kazi.

Jirani yangu Mama Akiru, anayeuza samaki wa Kalokol, akanikuta hivyo. "Ejok," akanisalimu Kiturkana. "Nani amekufa tena?" Nikamwonyesha. Akasema, "Kakuma kuko Mkongo moja anatengeneza redio. Hiyo sahani anajua. Peleka."

Nikazipeleka zote, na turntable, hadi kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Papa Dieudonné ni mtu wa Uvira, kibanda chake ni cha matofali ya udongo. Alizigusa moja moja. Kumbe aliacha zake nyingi alipokimbia vita.

Dawa yake ni vioo viwili vizito. Santuri katikati, juani kidogo, halafu kivulini ipoe taratibu. Tulishinda siku mbili tukifanya hivyo. Zingine zilinyooka. Zingine zilikataa kabisa. Moja ilipasuka, tak, tukatazamana.

Ile ya Ekai hakutaka kuiweka. "Ndugu yangu, hii ikivunjika, kila siku utanikumbuka vibaya."

Nikamwambia, "Papa, weka. Nimechoka kuogopa."

Akaweka.

Ilitoka nusu. Ukingoni sindano bado inaruka, nyimbo za mwanzo zimekufa. Lakini karibu na katikati ikatulia, na nyimbo mbili za mwisho zikapiga safi.

Mke wake alikuwa anachambua maharage. Akaacha. "Huyu mutu analia kama batu ba kwetu," akasema. Papa alikuwa amefumba macho, midomo inatembea, na Kiingereza hajui.

Wakuu, kwenye mazishi ya kaka sikutoa chozi, nilikuwa nahangaika na tenti na chakula cha watu. Nililia hapo Kakuma, mbele ya watu niliowajua siku mbili.

Zilizopona nimeziacha kwa Papa. Kibanda chake kina ubaridi kuliko nyumba yangu, na anazicheza kila siku. Zinakwaruzika, najua. Kazi ikinipeleka upande huo napita, nakaa, nasikiliza, narudi Lodwar kulala.

Nilichojifunza: nilikuwa mlinzi wa santuri, sikuwa msikilizaji. Ekai angenicheka. Kama una kitu cha mtu wako umekifungia kabatini kisiharibike, kitoe leo ukitumie.

Haya, wenye santuri mikoa ya joto, nyinyi mnazihifadhi vipi? Na wenye maneno makali pia karibuni, nitasoma yote.