Maji ya Kisimani na Seli Zilizokataa Kufunguka

Siku yangu ya kwanza kazini, katikati ya miaka ya hamsini, nilikabidhiwa brashi na beseni lililojaa chupa. Maabara yetu ilikuwa kando ya ziwa, mwendo mfupi kutoka Kirumba nilikopanga chumba, na karibu kila mtu pale alishughulika na kichocho. Nilianza kwa kuosha chupa, nikapandishwa kwenye hadubini kutafuta mayai ya kichocho katika mikojo ya watu, kisha Bwana Daktari, mzungu aliyekuwa mkuu wa kituo, akanihamishia chumba cha seli. Nilivimba kichwa, sitaficha.

Humo tulikuza seli za figo la tumbili. Unazitenganisha seli, unazitia kwenye chupa bapa pamoja na majimaji ya kuzilisha, unaziweka ndani ya kabati lenye joto la mwili, nazo zinajitandaza chini ya chupa kama ukoko wa wali. Kila seli imezungukwa na utando unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Daktari alitaka kujua ATP inaufanya nini utando huo. ATP ni kemikali ambayo seli huitengeneza ndani yake yenyewe na kuitumia kama kuni za kazi zake zote. Ukiimwaga nje ya seli, mambo hugeuka: utando unalegea na vitu vidogo vinapenya.

Tulijuaje? Kwa eosini, rangi nyekundu ambayo seli nzima huikataa. Tulipotia ATP kwanza, seli ziliipokea rangi hiyo zikawa nyekundu. Katika chupa nyingine tulitia ATP, tukaiosha ikatoka, tukaongeza magnesiamu, yaani madini ya chumvichumvi, ndipo tukatia rangi; haikuingia. Kumbe seli hazikuwa zimekufa. Zilifunguka tu, kisha zikajifunga.

"Magnesiamu huikamata ATP," Daktari alinifundisha. "Iliyokamatwa haifungui kitu."

Basi kiangazi cha kuelekea Uhuru, seli zikakataa kufunguka. Tukitia ATP, kimya. Daktari akaagiza unga mpya wa ATP, bado kimya. Asubuhi moja akanikuta uani, wenzangu wote wanakunywa chai, akasema kwa sauti:

"Mikono yako ni michafu. Unaniharibia kazi. Nitaleta mtu kutoka Nairobi, wewe utarudi kuosha chupa."

Nikaweka kikombe chini. Nilikuwa nimeoa karibuni, na wakwe zangu wa Mkolani walikwisha kutangaziwa kwamba mkwe wao anafanya kazi na daktari. Lakini kilichoniuma zaidi ni lile neno, michafu, mbele ya watu niliokula nao kila siku.

Mzee Malando, msimamizi wa chumba cha kuoshea, alinifuata nyuma ya jengo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, usimjibu leo. Hasira hasara."

"Sitamjibu. Lakini siyo mikono yangu, mzee."

"Basi tutafute kilichobadilika."

Kilichobadilika kilikuwa kimoja. Mtambo wa kukeneka maji, ule unaoyageuza mvuke na kuyarudisha yakiwa hayana chumvi hata kidogo, uliungua, na kipuri kilikuwa hakijafika. Maji ya ziwa hakuna aliyetaka kuyagusa. Watu wanaoangalia kichocho kutwa nzima huyaogopa kama mamba. Kwa hiyo Mzee Malando alichota kisimani, kule kwenye mawe, akayachemsha na kuyachuja kwa uangalifu wote. Yalikuwa matamu. Daktari mwenyewe aliyasifu kwenye chai yake, na maji hayo hayo ndiyo tuliyotengenezea majimaji ya seli.

Mzee akafunua birika la ofisini. Ndani mlikuwa na magamba meupe yaliyoganda. Nikalibeba birika hadi mezani kwa Daktari, nikaliweka mbele yake, kifuniko wazi. Akakwangua kwa ukucha, akakaa.

"Chokaa," akasema polepole. "Na magnesiamu. Tumekuwa tukiifunga ATP sisi wenyewe."

Akatuma mtu gereji akanunue maji ya betri, ambayo yamekenekwa. Tukatengeneza majimaji upya, tukatia ATP, kisha eosini. Nilipoinamia hadubini niliona nyekundu tupu. Nilitaka kulia.

Daktari akafunga mlango wa ofisi yake. "Samahani. Nilikukosea."

"Bwana Daktari," nikamwambia, "ulinitukana uani. Niombe radhi uani."

Enzi zile mzungu alikuwa haambiwi hivyo. Uso ukamwiva, kisha akatoka hadi uani. Ilikuwa saa ya chai.

"Mikono ya huyu ni safi," akawaambia wote. "Kosa lilikuwa kwenye maji, na mimi niliyanywa nikayasifu. Naomba radhi. Hatarudi kwenye chupa."

Mzee Malando akamsogezea kikombe. "Tumesikia, bwana. Karibu chai."

Daktari aliondoka baada ya Uhuru. Walikuja wakuu wengine, wakali na wapole, nami nikapanda hadi msimamizi wa maabara, cheo nilichostaafu nacho. Sasa nakaa Nyegezi. Vijana husikia kwamba niliitwa Dar es Salaam kwa cheo kikubwa zaidi nikakataa, wanadhani niliogopa jiji. Sikuogopa jiji. Mahali ulipoombwa radhi mbele ya wenzako si rahisi kupaacha.