Kipande cha Mtutu

Bunduki ya mume wangu ililala kwangu, na kwa sababu hiyo kila asubuhi ilimbidi apite kunisalimu kabla ya kwenda porini, hata kama usiku alilala kwa mke mwenzangu. Nataka hilo lieleweke kwanza, maana watu wakisikia niligombea chuma hudhani nilikuwa na kichaa.

Lilikuwa gobore, lile la kushindilia baruti mdomoni, refu kunipita. Baba yangu alimpa mume wangu tulipooana, na kwa desturi ya kwao kitu kilichotoka kwa baba wa mke kililala kwa mke huyo. Basi alikuwa anabisha hodi mapema, anasema "Mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi, namwitikia, nampa uji, kisha nalishusha gobore darini. Mke mwenzangu alisimama mlangoni pake, ng'ambo ya uwanja, akitutazama. Sikuwa na haraka. Uji wangu siku hizo niliuacha uwe wa moto kupita kiasi ili aupulize polepole.

Wakati huo wazungu walikuwa wameanza kuchimba dhahabu upande wa Geita, na vibarua wao walitaka nyama. Mume wangu aliwinda mbugani, kwenye njia ya kwenda Kharumwa. Aliweza kusimama kwenye miti ya pembeni akamwangusha nyamera ambaye hajanusa hata harufu yake.

Mke mwenzangu alikuwa kijana, mwembamba wa kiuno, mwepesi wa kucheka. Nyumba yake ilikuwa msonge mdogo wenye mlango mfupi, na gobore lilipoingizwa mle liligonga nguzo ya kati, kitako kikabaki nje. Akaanza kumwonea mume wetu huruma. Mtutu mrefu unanasa vichakani, alisema, ona miiba ilivyokuchana. Ilikuwa kweli, unanasa. Lakini miaka yote miiba ilimchana na hakuna aliyeihesabu kuwa ugonjwa. Nilijua anachokitafuta.

Siku moja mume wangu akaenda kwa mhunzi wa Kirongo, akarudi na gobore fupi kama mchi wa kinu. Kipande kilichokatwa alikitupa kando ya ghala. Hakuniuliza. Jioni ile gobore la baba yangu likaingia kwenye msonge bila kugusa nguzo.

Asubuhi nilipika uji kama kawaida. Ukapoa mpaka ukafanya utando juu, wala hakuna aliyebisha.

Vichakani bunduki ile ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Ilikuwa nyepesi, aliigeuza upesi, akaleta kanga na digidigi. Mke mwenzangu aliwanyonyoa kanga katikati ya uwanja, mahali ambapo lazima nimwone. Mbugani mambo yalikuwa mengine. Nilimsikia mume wangu mwenyewe akimweleza kaka yake: baruti haipati nafasi ya kuisukuma risasi, inamalizikia kuungua nje, moto unatoka mdomoni kwa mlio wa kuziba masikio, na risasi inaanguka mavumbini kabla ya kufika. Alipozidisha baruti alivimba bega tu. Nyamera aliinua kichwa, akamtazama, akaendelea kula majani.

Vibarua wakahamia kwa mwindaji mwingine. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilikuwa na wivu na nilifurahi, vyote pamoja, kisha nikaenda kulala peke yangu na furaha yangu.

Kile kipande nilikuwa nimekiokota. Nilikisugua kwa mchanga, nikakifanya bomba la kupulizia moto. Jiko langu likawa linawaka upesi kuliko yote pale nyumbani.

Ndipo asubuhi moja nikasikia hodi. "Mwangaluka," akasema. Moyo ulinidunda kama wa msichana. Nikampa uji wa moto, naye akaupuliza, nikasema moyoni, amerudi. Alipofika nusu ya bakuli akaniuliza kama ni mimi niliyeokota kile kipande. Alitaka mhunzi akiunge tena.

Nikamkumbusha kwamba mhunzi alikwisha kumwonya kuwa mtutu ukikatwa haurudi, na ukiungwa utampasukia usoni.

"Nipe tu nikamwonyeshe," akasema.

"Ulikata bila kuniuliza," nikamwambia. "Hiki kinalala kwangu."

Alimaliza uji taratibu, macho yake yakiwa kwenye lile bomba mkononi mwangu, na usoni hakunitazama hata mara moja. Kisha akashukuru, akavuka uwanja, akainama kuingia kwenye ule mlango mfupi.

Mlango ule nilikuwa nimeuonea wivu kwa muda mrefu. Asubuhi ile nilikionea wivu hata kipande cha chuma nilichokuwa nimekishika.