Mume Wangu Kwenye Foleni ya Kujiandikisha

Mwaka 1995 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Mpanda, nikateuliwa kuwa mwandikishaji wa wapiga kura. Mume wangu alikuwa fundi cherehani pale Kashaulili, kwenye baraza la muuza vitenge. Alizaliwa Burundi. Aliletwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, akiwa mgongoni mwa mama yake, wakikimbia mauaji, na hakukumbuka nchi nyingine zaidi ya hii.

Uchaguzi ule aliupenda kuliko mimi. Wateja wake walizoea mtindo wa chama kimoja, wagombea ubunge wawili tu, mmoja ana alama ya jembe na mwingine nyumba. Sasa vyama vilikuwa vingi na watu wamechanganyikiwa. Yeye alichora viboksi juu ya kitambaa chakavu kwa chaki yake ya kupimia nguo, akawaelekeza.

"Vema moja tu, mzee. Ukiweka mbili, kura yako imeharibika. Na atakayewazidi wenzake, hata kwa kura moja, ndiye mbunge. Si lazima afike nusu."

Siku moja tukiwa tunakula, aliniuliza kama nitamwandika. Nilijua mkimbizi haruhusiwi. Naye alijua. Lakini aliuliza huku anatazama sahani, kama mtoto anayeogopa kukatazwa, nikashindwa kumkatalia.

"Njoo tu kesho," nikamwambia. "Mezani nipo mimi."

Alikuja amevaa shati jeupe alilojishonea kwa ajili ya harusi yetu. Alipobakiza watu watatu mbele yake, msimamizi wetu akafika, akavuta kiti, akakaa pembeni yangu kukagua daftari. Nilimwangalia mume wangu, nikimwomba kwa macho atoke kwenye foleni. Hakunielewa. Akatabasamu.

"Ulizaliwa wapi?" nikamuuliza, kama nilivyowauliza wote.

Akatazama kalamu yangu, akisubiri nijaze mwenyewe. Msimamizi akainua kichwa.

"Huyu si yule fundi wa Katumba?"

Ningeweza kusema ni mume wangu. Ningeweza kusema ni mimi niliyemwita. Badala yake nikaweka kalamu chini, nikasema kwa sauti yangu ya darasani, "Nyie wa Katumba hamwandikishwi. Mpishe anayefuata."

Nyuma yake alisimama mzee mmoja ambaye mume wangu alikuwa amemfundisha kuweka vema. Mzee akainamisha uso.

"Sawa, mwalimu," mume wangu akasema, akaondoka.

Nyumbani hakunigombeza. Alikula, alinisalimia, alichota maji kama kawaida. Nilimwomba radhi mara nyingi, na kila mara alijibu kwamba yamekwisha. Lakini tangu siku ile aliniita mwalimu, hata tukiwa wawili tu chumbani.

Siku ya kupiga kura nilikaa kituoni mpaka kura zikahesabiwa. Tulipokuwa tunatenga zilizoharibika, zile zenye vema mbili, niliwaza kwamba hawa labda hawakupita barazani kwake. Asubuhi niliporudi nyumbani, cherehani haikuwepo. Nguo zangu alikuwa amezipiga pasi na kuzikunja kitandani.

Jumapili iliyofuata nilimfuata Katumba. Mama yake alinikaribisha vizuri, akanipa ugali na maharage, akanionyesha shamba la tumbaku alikokuwa mwanawe.

"Sheria naijua tangu utotoni," mume wangu akaniambia. "Ungeniambia nisije, ningebaki na cherehani yangu. Wewe uliniita, halafu ukanikana mbele za watu."

"Niliogopa kupoteza kazi."

"Najua. Hata mimi ningeogopa."

Akaendelea kulima matuta. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoniumiza zaidi, maana hayakuwa na hasira. Mtu mwenye hasira ningemsubiri apoe. Huyu alikuwa ameshaniacha.

Alifariki miaka minne baadaye, kwa homa. Habari nilizisikia sokoni, nikapanda lori kwenda msibani. Wanawake wafiwa walikaa mkekani pamoja na mama yake. Aliponiona, mama akasogea kidogo kunipa nafasi. Sikuikalia. Nikaenda kukaa na majirani nje, na mmoja wao aliponiuliza marehemu alikuwa nani kwangu, nilijibu kwamba alikuwa akinishonea nguo.